Mita ya Shangazi Haisogei

Kuna watu wakisikia majirani wanagombana hufunga mlango, na kuna wengine hufungua dirisha kidogo ili wasikie vizuri. Injinia hakuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Yeye akisikia ugomvi alisimama, akatega sikio, akajiuliza: hawa wamekosa nini, na mimi nitawauzia kwa namna gani?

Siku hiyo alikuwa kwenye ngazi za jengo moja la ghorofa, mkononi ana mfuko wa machungwa. Alikuwa amekuja kumbembeleza mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole mpaka siku alipochoka, na siku alipochoka alibeba cherehani yake akahamia kwa shangazi yake, juu kabisa ya jengo lile. Si njaa iliyomwondoa, wala si mwanamke mwingine. Ulikuwa uongo. Mumewe alikuwa amewahi kuuza dawa ya panya iliyowanenepesha panya, na kukodisha viti vya harusi ambavyo mwenye viti alikuwa harusini amevikalia. Mke akasema basi. Atarudi siku mumewe atakapopata kazi ambayo yeye mke anaweza kuitaja mbele za watu bila kutazama chini. Injinia alikuwa anampenda mkewe kweli kweli, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi.

Hilo jina la Injinia nalo usilipe uzito. Aliwahi kufungua redio ya jirani ili aitengeneze, na redio haikusema tena hadi leo. Lakini namna alivyokunja uso, akaguna, akaomba bisibisi nyembamba zaidi, iliwafanya waliokuwepo waone kwamba redio ndiyo yenye makosa.

Basi akiwa pale kwenye ngazi, akasikia wapangaji watatu wanarushiana maneno. Jengo zima lilikuwa na laini moja ya intaneti, na kila mpangaji alichangia sawa na mwenzake. Jioni mtandao ulikuwa unakwenda kwa kujikokota, na kila mmoja alikuwa na mchawi wake. Daktari wa Meno, mtu mkavu aliyekuwa akizima taa ya ngazi hata watu wakiwa bado wanapanda, alikuwa akisema kwamba yeye husoma barua pepe zake akalala, iweje alipe sawa na Mama Keki anayerusha video za keki kutwa. Mama Keki, ambaye alikuwa anaoka na kuuza keki kwa kuzionyesha mtandaoni, akajibu kwamba video zake ni fupi, aulizwe Mwenyekiti huko chumbani anatazama nini. Mwenyekiti wa wapangaji, karani wa mahakama mstaafu, akatamka kwa sauti ya kusoma hukumu kwamba yeye hutazama taarifa ya habari peke yake. Ukweli ni kwamba alitazama mieleka tangu anywe chai ya asubuhi mpaka usingizi umchukue kitini.

Injinia akaweka machungwa chini. Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyesomea jambo.

"Samahani wazee wangu, nimepita tu," alisema. "Umeme mnapimiwa. Maji mnapimiwa. Nyama buchani mnapimiwa. Sasa mtandao mnaulaje kwa pamoja kama chakula cha msibani?"

Wote watatu walinyamaza. Injinia alijua ule ukimya. Ni ukimya wa samaki anayetazama chambo na kujiambia kwamba huyu mdudu amekuja kuogelea tu.

Kikao kiliitishwa sebuleni kwa Mwenyekiti. Injinia alieleza, akachora kwenye karatasi, akafuta, akachora tena. Atafunga mita kwenye kila mlango. Kila mtu atalipa alichotumia, si zaidi. Fedha zitapitia kwake, naye ataipelekea kampuni ya mtandao ada yake ileile ya kila mwezi. Kama zingezidi hapo katikati, ziada ingekuwa yake. Lakini hakuna aliyemuuliza kuhusu ziada, na Injinia alilelewa kwamba kujibu usichoulizwa ni kukosa adabu.

Aliyepinga alikuwa Shangazi peke yake. Alikuwa ameshuka na khanga yake mabegani na simu yake mkononi, kwa sababu simu ile haikumtoka mkononi. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo, alikuwa na mimba ya kwanza, na daktari alikuwa amemwamuru alale tu mpaka ajifungue. Basi kutwa nzima Shangazi aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, mama huku na binti kule, wakaonana. Mara nyingine hawakuongea kitu. Mama alichambua mchele, binti alilala, na kila mmoja aliona mwenzake yupo.

"Mkwe wangu," Shangazi alimwambia, "nyama nikila mimi, wewe huipati. Haya. Mimi nikimtazama mwanangu kwenye simu, Daktari anapungukiwa nini?"

Lilikuwa swali zuri, na kwa kuwa lilikuwa zuri Injinia hakulijibu. Alisema habari za barabara na malori na foleni, akataja mawimbi, akataja tena mawimbi kwa sauti ya chini kana kwamba yanasikia. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kura zilipopigwa, wote walitaka mita isipokuwa Shangazi. Tusiwacheke. Binadamu ukimuuliza nani anakula sana nyumbani, atakutajia wote mpaka paka, yeye mwenyewe hatajiona.

Sasa mita zenyewe. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyeagiza vile vidude vya kuhesabu hatua, vya watu wanaotembea ili wapungue mwili, akakuta mtaani kwake hakuna anayetaka kupungua. Injinia alivichukua kwa bei ya kutupa. Akavitia kimoja kimoja ndani ya visanduku vyeupe vya plastiki vya mafundi umeme, akakata kidirisha ili tarakimu zionekane, akabandika stika yenye alama ya radi na kuweka taa ndogo ya kijani isiyokuwa na kazi yoyote ila kuwa ya kijani. Visanduku akavikaza kwa skrubu kwenye milango, upande wa ndani. Alipoulizwa kwa nini mlangoni, alisema mawimbi nayo ni wageni, hupitia mlangoni.

Mlango ukifunguliwa, kidude kinatikisika na kuhesabu hatua. Ukifungwa, kinahesabu tena. Mtandao ungeweza kuhamia sayari nyingine na mita zikaendelea na kazi.

Mita moja tu haikufanya kazi, nayo ni ya Shangazi. Jioni ya kile kikao mkewe alimfuata Injinia kwenye ngazi akamwambia maneno machache, naye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema, "Ukimfanya Shangazi akate simu ya mwanawe kwa kuogopa mita yako, usinitafute tena." Injinia akaapa. Viapo vyake vilikuwa vingi mjini, vimetawanyika kama madeni, lakini hiki alikikusudia. Alichukua karatasi, akaikunja, akaishindilia ndani ya kisanduku cha Shangazi mpaka kidude kikashindwa kutikisika hata mlango ubamizwe. Tarakimu ikaganda palepale. Taa ya kijani ikawaka vizuri.

Usomaji wa kwanza wa mita ulikwenda kama harusi. Injinia alipita na kitambulisho kinaning'inia shingoni, amekichapisha mwenyewe, na kalamu sikioni. Mwenyekiti, ambaye magoti yalimuuma na hakutoka ovyo, alikutwa na tarakimu ndogo, akafurahi, akasema haki imetendeka. Huku nyuma ya pazia mtu mzima anapigwa kabali kwenye kioo. Daktari wa Meno alikuwa na tabia ya kufungua mlango kila asikiapo mtu anapita, aone ni nani na amebeba nini. Tarakimu yake ilikuwa ndefu. Akageuka rangi.

"Daktari," Injinia alimnong'oneza, "mimi siri za wateja sisemi. Lakini ungeiona ya Mama Keki."

Daktari akalipa papo hapo, na tabasamu juu. Huko kwa Mama Keki, ambaye wateja walikuwa wakiingia na kutoka kuchukua keki, Injinia aliinamisha kichwa kwa huzuni, akasema naye kwamba siri za wateja hasemi, ila angeiona ya Daktari. Mama Keki akalipa na kumfungia kipande cha keki. Watu wale walilipa zaidi ya walivyokuwa wakichangia zamani na walilala usingizi mzuri zaidi, maana kila mmoja alijua kwamba jirani ameumia kuliko yeye. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo la kawaida. Hawa walikuwa wanaomba gunia la pili.

Kilichomfurahisha Injinia kuliko fedha ni mkewe. Wateja wa kushonewa walipomuuliza habari za mumewe, alisema, "Anasoma mita," akaendelea kukata kitambaa. Alilisema bila kutazama chini. Injinia alisikia maneno hayo akiwa nje ya mlango, akakaa kwenye ngazi kidogo mpaka macho yakauke. Wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi mke atarudi nyumbani, mradi mume atafute pengine pa kupanga, mahali ambapo hakuna mtu anayemgongea asubuhi kumdai viti vya harusi.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya gauni. Mama Keki alipanda kwa fundi kupimwa gauni la ubatizo wa mpwa wake, na wakati amenyoosha mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, macho yake yakatua kwenye mita ya Shangazi. Tarakimu ilikuwa ya kitoto. Akamtazama Shangazi, yuko mezani na binti yake kwenye simu kama kawaida. Akaitazama mita. Haisogei. Akatazama simu. Binti anacheka. Akatazama mita.

Alishuka, akazima mtandao wa kwake, akarudi na simu yake na sahani ya keki, akasema amekuja kumjulia hali Shangazi, maana majirani siku hizi hawatembeleani. Akaketi sofani, akarusha video zake zote za mwezi.

Kesho yake Daktari wa Meno naye akaja kumjulia hali Shangazi. Mtu huyu alikuwa hajamjulia mtu hali tangu ahamie. Alibisha hodi akiwa na kompyuta kwapani na tunda moja mkononi. Mwenyekiti alikuja na kiti chake mwenyewe na visikilizio masikioni, akaketi pembeni akiruka ruka kila mtu wake alipoangushwa. Wakaja wengine. Sebule ya Shangazi ikajaa watu wenye upendo mkubwa wa ujirani, wote wameinamia simu, na nyumba zao huko chini zimefungwa, zimezimwa, giza totoro.

Sukari ya chai ya wageni ikaanza kuisha. Hapo ndipo mke wa Injinia alipohamisha cherehani yake akaiweka mlangoni, na juu yake kopo. Anayeingia atoe kidogo, bei moja kwa wote, akae mpaka achoke, hakuna atakayempima. Watu wakatoa bila kunung'unika. Ni watu walewale waliokuwa karibu kupigana kwenye ngazi kwa sababu ya kulipa sawa.

Injinia alipokuja kusoma mita akakuta jengo zima limekuwa kama makaburi. Milango haikuwa imefunguliwa, vidude havikuwa vimetikisika. Daktari alimwonyesha tarakimu yake kwa fahari, haijapanda. Mama Keki vilevile. Fedha alizokusanya hazikutosha hata ada ya kampuni, sembuse nyumba aliyokuwa amekwisha kuitazama, yenye chumba kizuri upande wa jua ambapo cherehani ingekaa. Na angelalamika kwa nani? Akisema mita ya Shangazi ni mbovu, amesema kuna mita mbovu, na watu wakishaanza kuuliza mita gani ni mbovu hawaishii kwenye moja.

Akafikiri usiku kucha. Asubuhi alikuwa amepata njia. Ataitoa ile karatasi kwa siku moja tu. Watu wakiingia na kutoka pale, tarakimu itapanda. Na jioni hatamdai Shangazi hata senti, atawadai wageni. Shangazi ataendelea na simu yake, wageni watatishika, watarudi makwao, milango itafunguliwa na kufungwa, na mwisho wa mwezi mke atarudi nyumbani. Alitafuta mahali ambapo kiapo chake kilikuwa kimevunjika, hakupaona. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenyewe akiwa juu yake huona ni barabara kuu.

Akapanda mapema, akasema anasafisha mita vumbi, akachomoa karatasi, akashuka. Akaenda upande wa pili wa mji kumsihi mwenye nyumba ampe ufunguo kabla hajakamilisha malipo. Ilimchukua kutwa, lakini maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Jioni alikuwa anarudi na ufunguo mfukoni, anapiga mluzi.

Asichokijua ni hiki. Asubuhi ileile, yeye akiwa amegeuka kona tu, binti ya Shangazi alipiga simu akisema uchungu umeanza, wanamkimbiza hospitali. Kabla hajamaliza kusema ni hospitali gani, wachimbaji wa barabara walikata waya mkubwa wa mtandao. Mtaa mzima ukazimika, mpaka minara ya simu, kwani yote ilitegemea waya huohuo. Tangu saa hiyo Shangazi alikuwa ameketi mezani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, kioo cheusi. Jengo lote likawa linapanda kumuuliza. Mtu alifungua mlango, akauliza kama kuna habari, akaambiwa bado, akafunga mlango, akashuka. Baada ya kitambo akapanda tena. Hata Daktari wa Meno alipanda, akashuka, akapanda, na safari hii hakuwa na kompyuta.

Injinia alipoingia akakuta sebule imejaa na watu kimya. Akadhani wamezama kwenye simu zao. Akaisogelea mita, akachungulia, na moyo ukamruka kwa furaha. Tarakimu ilikuwa imejaa kidirisha kizima.

Akageuka, akaweka sawa kitambulisho shingoni. "Mabibi na mabwana," alisema, "nasikitika kuwatangazia kwamba chumba hiki, kwa leo peke yake, kimetumia mtandao kuliko jengo zima kwa mwezi. Shangazi hahusiki. Wageni mtagawana."

Watu wakainua vichwa.

"Leo?" Shangazi aliuliza.

"Leo hii, Shangazi, tangu asubuhi. Wameutafuna."

Mkewe alikuwa amesimama kando ya cherehani. Hakupandisha sauti. "Hapajakuwa na mtandao tangu asubuhi," alisema. "Dada yangu yuko kwenye kujifungua, na mama yake hajui kama yu mzima au la."

Nisiwafiche, Injinia hakukosa la kusema. Uongo ulimjia wa kutosha kumtoa pale na kumfikisha nje kwa heshima. Mzuri kuliko wote ulikuwa kwamba mita hizi ni za kisasa, zinapima hata kiu ya mtandao, na leo watu wamekuwa na kiu kubwa. Ulikuwa tayari kwenye ulimi, una moto. Akamtazama Shangazi, ameishika ile simu iliyokufa kwa mikono miwili. Akaona haya. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, na jambo hilo lilikuwa geni kwake hata akadhani anaumwa.

Akatoa bisibisi. Akafungua kisanduku mbele yao, akatoa kidude, akakitikisa. Tarakimu ikapanda. Akakitikisa tena, ikapanda tena.

"Hizi si mita," alisema. "Vinahesabu hatua za watu wanaotembea. Vimekuwa vinahesabu milango yenu. Niliwadanganya wote. Na hii ya Shangazi niliiziba kwa karatasi, leo nikaizibua. Nisameheni."

Akafumba macho akisubiri kofi la kwanza.

Mwenyekiti alikohoa. "Hiyo ni ya Shangazi," alisema. "Kwamba ni mbovu tunajua siku nyingi. Ndiyo maana tuko hapa. Zetu ni nzima."

"Mwenyekiti wangu, zote ziko hivi."

"Ya kwangu haiwezi kuwa hivyo," Daktari wa Meno alisema, na alionekana ameudhika kweli. "Mita yangu imethibitisha kwamba Mama Keki anatumia kuliko mimi. Wewe mwenyewe ulikuwa shahidi."

Mama Keki akauliza imethibitisha nini hiyo mita. Pakawa na maneno. Injinia aliwasihi. Alimwomba Daktari ashuke akautikise mlango wake aone mwenyewe. Daktari akasema anajua njama hizo, anataka mteja aharibu mita ili atozwe faini. Mtu mmoja nyuma akasema bila shaka kuna mpangaji aliyemhonga huyu kijana ili mita ziondolewe, na wote wakatazamana kutafuta ni nani. Maskini Injinia. Alikuwa amesema uongo miaka yote na watu wakamkumbatia. Siku moja amesema kweli, jasho linamtoka, hakuna anayeinunua hata kwa mkopo.

Wakiwa katikati ya ubishi, simu zote za sebuleni zikalia kwa mpigo. Mtandao ulikuwa umerudi. Kisha ikalia ile iliyokuwa mikononi mwa Shangazi, na kila mtu akanyamaza.

Binti alikuwa amelala juu ya mto, amechoka, nywele zimemganda usoni, kifuani ana kitu kidogo kimefungwa kwenye nguo nyeupe. Ni wa kike. Alikuwa amekunja ngumi na kukasirika. Shangazi aliweka kidole kwenye kioo, kwenye shavu la mtoto, akalia mpaka mabega yakatikisika, na wapangaji wote wakalia nyuma yake, Mwenyekiti kwa sauti kuliko wote. Injinia alibaki kando na kidude chake mkononi, hakuna anayemkumbuka. Akafuta machozi kwa mikono ya shati, akaelekea mlangoni.

Lakini Mwenyekiti alimkumbuka. Alifuta miwani, akaitisha kikao palepale. Ikaamuliwa kwamba Injinia aachishwe kazi kwa kosa la kuzikashifu mita za jengo mbele ya wenye mita, na kwamba tangu siku hiyo msomaji wa mita awe Shangazi, mtu mzima, mwaminifu, ambaye mita yake ni mbovu na kwa hiyo hawezi kupendelea upande wowote. Shangazi, simu kifuani, alisema anaupokea mzigo huo kwa moyo mzito.

Injinia alikuwa ameshafika kwenye ngazi mkewe alipomwita angoje. Akangoja. Alikuwa hana kazi, hana fedha, na ufunguo ule mfukoni mwenye nyumba angekuja kuudai siku yoyote.

"Sina kazi tena," alisema, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

"Najua. Nilikuwepo." Mkewe akamwambia kwamba kile kisanduku alikifungua wiki ileile kilipofungwa, kwa bisibisi ya cherehani, akaona kidude, akaona karatasi, akafunga. Tangu hapo alikuwa anasubiri aone mumewe atasema lini. "Leo nilikuona ulimi umeshapata uongo. Nilikuona kabisa unavyoulamba. Ungeutoa, ningefunga huu mlango na usingeniona tena."

Injinia akauliza tu kama cherehani ni nzito. Mkewe akasema ni nzito sana, ndiyo maana mume ataibeba.

Ile nyumba ya chumba cha upande wa jua waliipata, kwa fedha za kopo la mlangoni, ambazo mke aliziita za halali kwa sababu aliuza kiti na mtandao na vyote vilikuwepo. Sasa mke alishona, mume alipiga pasi nguo za wateja na kushona vifungo. Kazi hiyo ilikuwa na jina, na mke alilitaja.

Mwisho wa mwezi uliofuata Mama Keki akaja na gauni la kurekebishwa, na habari. Shangazi, alisema, amesoma mita. Alipita mlango kwa mlango amevaa miwani, anachungulia, anaguna, anarudi kuchungulia tena, mpaka watu wakaogopa. Kisha akawaita wote akatangaza kwamba amepima mara mbili na wamelingana. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua. Kila mtu atalipa ile ile ya zamani, na juu yake kitu kidogo cha macho ya msomaji. Daktari alilipa kwa furaha, kwa sababu Mama Keki hakulipa pungufu kuliko yeye. Mama Keki mwenyewe alilipa kwa sababu hiyo hiyo. Mwenyekiti alisema hajapata kuona mita zinazosema haki namna ile.

Mama Keki alipoondoka, Injinia alikuwa bado amesimama na pasi, anatazama ukuta.

"Wote sawa," alisema.

"Wote sawa," mkewe alijibu, pini mdomoni.

"Na kitu kidogo juu."

"Na kitu kidogo juu."

Akafikiri kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa na maumivu ya mtu aliyeiona kazi nzuri sana ikifanywa na mwingine. "Mke wangu," alisema, "kwa nini mimi sikufikiria hivyo tangu mwanzo?"

Mkewe akatoa pini mdomoni. "Shati la mteja linaungua," alisema.